Maswali na Majibu: Dawa Iliyomo Kwenye Maji ya Bomba

Tangu mvua za masika zianze, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinazungumzia jambo moja, nalo ni maji ya bomba yanayonukia dawa na namna ya kuyachuja. Hali hiyo haishangazi, kwa kuwa mvua kubwa huujaza tope Mto Ruvu, unaotuletea maji sisi wa Dar es Salaam, na maji yenye tope jingi huhitaji dawa nyingi zaidi mtamboni. Nimechagua barua sita na kuzifupisha. Zile ambazo kosa lake linaweza kumlaza mtu hospitalini nimezijibu kwa urefu, na nyingine nimezijibu kwa kadiri zinavyostahili.

Shikamoo mwandishi. Ninaishi Tabata na familia ya watu saba. Maji yetu ya bomba yananukia dawa kama ya bwawa la kuogelea, na hata chai ina ladha ya hospitali ingawa maji tunayachemsha. Mume wangu amekwisha kuongea na fundi bomba atufungie kichujio kikubwa cha mkaa pale kwenye mita, kabla maji hayajaingia kwenye simtanki, ili nyumba nzima ipate maji yasiyo na dawa. Je, tufanye hivyo?

Marahaba, dada yangu. Naomba fundi huyo asimame kwanza, kwa sababu kichujio anachokusudia kukifunga ni kizuri, lakini mahali anapotaka kukifunga ndipo penye hatari.

Harufu mnayoisikia ni ya klorini, ambayo hutiwa kwa makusudi baada ya maji kutulizwa na kuchujwa. Maji ya mtambo wa Ruvu Juu husafishwa Mlandizi, kisha husukumwa hadi kwenye matangi ya Kibamba na Kimara. Yale ya Ruvu Chini husafishwa upande wa Bagamoyo na kuja hadi kwenye matangi yaliyoko Chuo Kikuu. Kutoka hapo yana safari nyingine ndefu ya mabomba ya mitaani kabla ya kumfikia mteja. Klorini ingepimwa ya kutosha kuua tu vijidudu vilivyokutwa mtamboni, ingekuwa imekwisha kabla maji hayajafika mjini. Ndiyo maana hutiwa ya ziada ya kuyalinda maji njiani, na hiyo ziada ndiyo inayofika puani kwenu. Shirika la Afya Duniani hutaka maji yanapotoka kwenye bomba la mteja yawe bado na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, na limeweka kikomo cha juu kuwa miligramu 5 kwa lita, kiasi ambacho mtu anaweza kukinywa kila siku maisha yake yote. Pua zetu huanza kulalamika mapema zaidi: watu wengi hukerwa inapofika kati ya miligramu 0.6 na 1. Maana yake ni kwamba maji yanaweza kunuka dawa waziwazi na bado yakawa mbali na kiwango cha kudhuru.

Sasa fikiria hali ya mitaa yetu. Siku ya mgao bomba hubaki tupu au nusu tupu, na bomba likipungua msukumo huvuta ndani chochote kilicho nje ya ufa wake, yakiwemo maji ya mtaro na ya shimo la choo la jirani. Maji yakirudi, ndoo za kwanza hubeba mchanganyiko huo, na mlinzi aliyebaki humo ni klorini peke yake. Kisha maji huingia kwenye simtanki, yakakaa siku mbili au tatu juani, chini ya kifuniko ambacho kwa nyumba nyingi nilizopata kuzitembelea huwa kimekalishwa upande au kimewekewa tofali kisipeperuke. Ukiitoa klorini kwenye mita, unahifadhi kwa siku tatu maji yasiyo na ulinzi wowote, tena katika joto ambalo vijidudu hulipenda. Kipindupindu kilichoanzia katika jiji hili mwezi Agosti 2015, kikaenea hadi mikoa mingine, bado kinakumbukwa vizuri na waliokuwa wakihudumu hospitalini wakati ule.

Kwa hiyo klorini iacheni ifanye kazi kwenye bomba, iacheni ifanye kazi kwenye tangi, mkaitoe jikoni, katika maji ambayo yatanyweka siku hiyohiyo. Kichujio kidogo cha mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kuchujia, kikiwa chini ya sinki, kilichounganishwa na bomba moja tu la maji ya kunywa, kinatosha familia ya watu saba, na kartriji zake, yaani ile sehemu ya ndani inayobadilishwa, huwa nafuu kuliko zile za kichujio cha nyumba nzima. Maji ya kuogea, kufulia na kupigia deki hayana haja ya kutolewa dawa.

Mkaa huo haufanyi kazi kama chekecheke. Klorini inapogusa uso wake hubadilika kikemikali kuwa kloridi, yaani ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, na harufu hupotea papo hapo. Maji yanapopita polepole ndipo kazi hufanyika vizuri. Mkifungua bomba kwa nguvu zote, harufu itapita pamoja na maji.

Kabla hamjanunua chochote, jaribuni hili lisilo na gharama. Jazeni jagi la mdomo mpana usiku, lifunikeni kwa kitambaa safi chepesi na liacheni hadi asubuhi. Sehemu kubwa ya klorini itakuwa imepaa. Maji yanayoachwa wazi hupoteza ulinzi vilevile, kwa hiyo yachemsheni au yanyweni siku hiyo, wala msiyakusanye.

Kuhusu chai, nadhani tatizo linaanzia kwenye sufuria. Klorini iliyobaki ikikutana na majani ya chai, ambayo yana viambata vya jamii ya fenoli, hutengeneza ladha kali ya dawa ambayo ulimi huitambua hata ikiwa kidogo mno. Ladha hiyohiyo inaweza kutoka kwenye birika jipya la plastiki au kwenye mpira wa koki. Wengi wetu hutia majani maji yanapoanza kutokota tu, tena sufuria ikiwa imefunikwa, hivyo klorini haipati pa kutokea. Yaacheni maji yachemke dakika kadhaa bila kifuniko, ndipo mtie majani. Kama chai itarudi kuwa chai, mmejiokolea fedha ya kichujio.

Kijana mmoja alikuja ofisini kwetu Sinza akiuza mashine za kuchuja maji. Alitia nyaya mbili kwenye glasi ya maji ya bomba, akawasha umeme, na baada ya dakika moja maji yakageuka rangi ya kahawia yenye mapovu na makapi. Glasi ya maji ya mashine yake haikubadilika. Pia alikuwa na kipimo kinachofanana na kalamu kilichosoma 180 kwenye maji yetu na 12 kwenye maji yake. Wenzangu wanne wamekwisha kutoa malipo ya awali. Je, tumekuwa tukinywa uchafu ule miaka yote hii?

Hapana. Mlichokiona ni kutu iliyotengenezwa mbele ya macho yenu.

Zile nyaya, au tuseme vijiti, kwa kawaida moja huwa ya chuma. Umeme ukipita kwenye maji, chuma hicho huliwa, na chembe zake hugeuka kuwa ule utandu wa kahawia na kijani mliouona ukielea. Maji ya bomba yana madini kidogo, hivyo hupitisha umeme, na kutu hutokea haraka. Maji ya mashine yake yameondolewa karibu madini yote, hivyo umeme haupiti na chuma hakiliwi. Jaribio hilo halioneshi vijidudu, halioneshi klorini, wala halioneshi sumu yoyote. Akija tena, mwombeni kwa heshima arudie jaribio kwenye glasi ya maji yake mwenyewe, lakini kwanza tieni humo chumvi kidogo ya jikoni, ya kubanwa kwa vidole viwili, mkoroge. Yatageuka kahawia kuliko yale ya bomba. Niliwahi kulifanya jambo hilo mbele ya muuzaji mmoja, akacheka kidogo, akafunga begi lake.

Ile kalamu nayo ni kipimo halali kinachotumiwa kwa hoja isiyo halali. Inapima jumla ya chumvichumvi zilizoyeyuka, kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme. Haiwezi kutofautisha kalsiamu na risasi, wala haioni bakteria hata mmoja. Itumbukizeni kwenye maji ya dafu, usomaji utaruka juu sana, na hakuna aliyewahi kuliogopa dafu kwa sababu hiyo. Tumbukizeni tena kwenye maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati lenye kinyesi cha kunguru: usomaji utakuwa mdogo na wa kupendeza, na anayeyanywa atauguza tumbo.

Mashine zenyewe, ambazo kwa kawaida ni za osmosisi ya kinyume, si za kitapeli. Maji husukumwa kupita kwenye utando wenye matundu madogo mno, na karibu chumvi zote hubaki upande wa pili. Zina kazi yake, nitaieleza katika barua ya Kigamboni. Kwa ofisi ya Sinza yenye maji baridi ya bomba, ambayo malalamiko yake ni harufu ya klorini, ni sawa na kukodi lori kwenda kununua mkate. Mashine hizo za majumbani pia humwaga lita kadhaa za maji kwa kila lita moja zinayoitoa, jambo la kufikiriwa katika mtaa ambao maji huja kwa zamu. Ukizifungua utakuta kabla ya utando kuna kartriji ya mkaa, kwa sababu klorini huuharibu utando wenyewe. Kwa hiyo hata ndani ya mashine ya bei kubwa, kazi ya kuondoa klorini hufanywa na mkaa uleule ambao mngeweza kuununua peke yake.

Wenzako wadai malipo yao ya awali.

Mama mkwe wangu ametoka Kilwa kuja kutusalimu hapa Magomeni. Amekuta tunalalamikia harufu ya maji, akatuambia tutie vipande vya mkaa kwenye mtungi kama walivyofanya wazee wake. Sitaki kumvunjia heshima, lakini mkaa wa kupikia kweli unasafisha maji? Na je, mkaa wa dukani una tofauti gani na huo?

Mama mkwe wako hakukosea asili ya jambo, amekosea daraja tu. Mkaa wa kupikia umechomwa kwa hewa chache, na ndani yake umebaki na lami na majivu mengi. Matundu yake ni machache na mengi yameziba. Utapunguza harufu kidogo sana, na kwa upande mwingine utaacha vumbi jeusi na uchafu wa gunia, wa barabarani na wa mikono ya wauzaji. Mkaa amilifu hupitishwa hatua nyingine: huchomwa tena katika joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi pamoja na mvuke, ambao husafisha lami na kufungua matundu yasiyohesabika. Gramu moja ya mkaa huo, isiyojaza hata kijiko cha chai, inaweza kuwa na uso mpana kuliko uwanja wa mpira wa kikapu.

Jambo la kumfurahisha mama ni hili: malighafi mojawapo inayopendwa sana duniani kwa kutengeneza mkaa amilifu ni kifuu cha nazi. Ni kigumu, na matundu yake hutoka madogo yanayofaa hasa kwa klorini na harufu. Vile vifuu tunavyovitupa uani au kuwashia jiko ndivyo wenzetu wa India na Sri Lanka wanavyovigeuza kartriji na kutuuzia. Kwa hiyo unaweza kumwambia, bila kumdanganya, kwamba mmekubali ushauri wake na mmenunua mkaa wa vifuu.

Mtungi wenyewe msiuache. Udongo wake hupoza maji kwa kupitisha unyevu nje, na mdomo wake mpana huipa klorini nafasi ya kupaa. Sharti ni kwamba uoshwe kila wiki, ufunikwe, na maji yatekwe kwa kata yenye mpini mrefu ili mkono usiguse maji. Kama mama atataka kuufukiza ubani kama ilivyokuwa desturi ya pwani, mwacheni aufukize. Harufu ya ubani kwa maoni yangu ni bora kuliko harufu ya klorini.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilihamia Kigamboni kutoka Arusha pamoja na wajukuu watatu. Kule meno ya mkubwa wao yalipata madoa ya kahawia na tuliambiwa ni floraidi. Hapa tunatumia kisima kirefu chenye maji ya chumvichumvi. Nimesoma kwamba katika nchi za nje serikali hutia floraidi kwenye maji ya bomba. Je, hapa nako hutiwa? Na kichujio cha mkaa kitaiondoa?

Shikamoo mwalimu. Swali lako lina mambo matatu, naomba niyatenganishe.

La kwanza, ni kweli kwamba baadhi ya nchi huongeza floraidi kwenye maji ya bomba ili kuzuia meno kuoza. Jambo hilo lilianzia katika mji wa Grand Rapids nchini Marekani mwaka 1945, na mpaka leo lina watetezi na wapinzani huko. Mjadala huo si wetu. Katika maji ya Dar es Salaam floraidi haitiwi, na kwa nchi yenye shida kama yetu ingekuwa kichekesho kuinunua, maana tunayo tele ardhini. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huiachia kwenye chemchemi na visima vya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na kwingineko, hadi kupita mara nyingi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Serikali ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto, ambako maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mhandisi Askwar Hilonga wa Arusha alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa kichujio kinachoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali husika, ikiwemo floraidi.

La pili ni meno ya wajukuu. Madoa huingia wakati jino la utu uzima linapojengwa ndani ya fizi, takriban hadi umri wa miaka minane. Ya mkubwa hayatafutika kwa kubadilisha maji. Hayo ni ya daktari wa meno. Wadogo ndio wa kulindwa, na hapo naomba uangalie pia magadi ya kulainishia maharage na makande, iwapo familia imehama na mazoea hayo, kwa sababu magadi ya Bonde la Ufa nayo hubeba floraidi.

La tatu ndilo muhimu. Mkaa amilifu wa kawaida hauondoi floraidi kwa kiasi cha kutegemewa, wala hauondoi chumvi. Kuchemsha nako hakusaidii, tena huongeza tatizo: maji yanapopungua kwa mvuke, kilichoyeyuka humo hubaki kilekile na kuwa kizito zaidi. Kisima cha pwani kilicho karibu na bahari mara nyingi tatizo lake ni chumvi, na katika mitaa yenye vyoo vya shimo vilivyosongamana huongezeka nitreti, kemikali itokanayo na uchafu wa vyoo hivyo, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Kikomo chake ni miligramu 50 kwa lita, na wa kuogopewa hasa ni mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya kopo, kwa kuwa nitreti huizuia damu yake kubeba hewa. Mzazi anaweza kuyachemsha maji hayo nusu saa akidhani anamlinda, kumbe anayakoleza.

Kwa hiyo usinunue kichujio kabla ya kipimo. Peleka maji kwenye maabara ya ubora wa maji, uombe wakupimie chumvi, floraidi, nitreti na bakteria wa kinyesi. Majibu yakionesha chumvi au nitreti nyingi, hapo ndipo mashine ya osmosisi ya kinyume inapostahili bei yake, kwa bomba moja la kunywa na kupikia. Na kama bomba la maji baridi limekwisha kufika mtaani kwenu, mwalimu, hesabu za kuliunganisha zinaweza kukutokea vizuri kuliko hesabu za mashine.

Nimeambiwa kwamba shabu inayotiwa kwenye maji ya mto husababisha ugonjwa wa kusahau uzeeni. Je, ni kweli, na inachujwaje? (Msomaji, Ilala)

Shabu, au chumvi nyingine za alumini za jamii yake, hutiwa ili tope ligandane na kuzama. Bila hiyo maji ya Ruvu wakati wa masika yangefika nyumbani yakiwa rangi ya chai ya maziwa. Karibu yote huzama pamoja na tope lenyewe na kubaki mtamboni. Mtambo mkubwa unaoendeshwa vizuri unaweza kuiacha alumini isiyozidi miligramu 0.1 kwa lita, wakati kiwango kinachokadiriwa kwa kuangalia afya ni 0.9. Uhusiano wake na ugonjwa wa kusahau umechunguzwa kwa miaka mingi, na haijathibitishwa kwamba alumini ya maji ya kunywa ndiyo chanzo. Chakula tunachokula hutuletea alumini nyingi kuliko maji, na sufuria unayopikia mchuzi wa ukwaju huongeza yake.

Nikiwa hapohapo kwenye rangi: wengi huona maji yakitoka meupe kama tui baada ya mgao wakadhani ni shabu au klorini. Kinga glasi moja, uiweke mezani na uitazame. Weupe ukianza kupotea kutoka chini kwenda juu, hayo ni mapovu ya hewa iliyobanwa kwenye bomba, na baada ya dakika mbili glasi itakuwa angavu. Weupe au wekundu ukishuka na kutulia chini, hiyo ni takataka ya bomba. Acha maji yatiririke kwenye ndoo ya kudekia kwanza.

Nafuga samaki wa mapambo hapa Mbezi. Nikibadilisha maji kwa ya bomba wanakufa, nikitumia ya tangi la siku tatu wanapona. Kichujio cha mkaa kimenisaidia miezi minne, halafu wiki iliyopita wamekufa tena, na maji ya kichujio sasa yana harufu ya tope. Kimepata nini?

Samaki wako ni kipimo bora kuliko kalamu ya yule kijana wa Sinza. Klorini huunguza matamvua yao katika kiasi kidogo kuliko ambacho mimi na wewe tungeweza kukinusa. Ukiwatoa samaki, wengine ambao lazima maji yao yasiwe na klorini hata kidogo ni wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine, na hospitali huwa na vichujio vyake kwa kazi hiyo.

Kartriji yako imechoka. Mkaa una kikomo. Ukitumika sana, klorini hupita bila kuguswa. Harufu ya tope ni jambo la pili, nalo linatuhusu sisi tunaokunywa. Mkaa hutoa klorini katika maji na wakati huohuo hukusanya uchafu unaoliwa na bakteria, hivyo sehemu ya ndani ya kichujio, iliyo baada ya mkaa, huwa na giza, joto na chakula, na mlinzi hayupo. Ninajua kwa sababu nilikisahau changu kwa miezi 14. Siku nilipofungua gamba lake, kartriji iliyokuwa nyeupe ilikuwa imevaa utelezi wa rangi ya ugoro, na kidole kilipopita juu yake kiliacha mfereji kama kwenye jongoo aliyekanyagwa. Nilikuwa nikijisifu kwa wageni kwamba maji yangu hayana dawa, na nusu ya mwaka huo tumbo langu lilikuwa halieleweki.

Fuata muda ulioandikwa na mtengenezaji, na wakati wa masika tope linapozidi uupunguze. Andika tarehe ya kubadilisha kwenye gamba la kichujio kwa kalamu isiyofutika. Ukifunga kartriji mpya, mwaga lita kumi za kwanza hadi vumbi jeusi liishe, na kila unaporudi kutoka safarini acha maji yatiririke dakika moja kabla ya kukinga. Maji ya kunywa yaliyopita kwenye mkaa endelea kuyachemsha, maana mkaa hauui vijidudu. Kwa samaki, badilisha robo tu ya maji kwa wakati mmoja, na maji mapya yakae kwenye ndoo pana saa 24 pampu ya hewa ikiyakoroga, ndipo uwape.